Mama Irine Anastaafu, Vibuyu Vinabaki

Ifikapo tarehe 30 Juni 2017, Mwalimu Bernadina Tluway, ambaye chuo kizima kinamwita Mama Irine, atakuwa ametimiza miaka thelathini na mitano ya utumishi wa umma, na siku hiyo hiyo atastaafu kwa mujibu wa sheria. Kati ya miaka hiyo, kumi na minne ameitumia hapa Babati akifundisha somo la kinga ya mwili kwa wanachuo wa utabibu na maabara. Kamati ya sherehe iliamua wasifu wake uandikwe na mtu aliyefanya naye kazi kwa karibu kuliko wote. Kwa bahati mbaya mtu huyo ni mwandishi wa mistari hii, Mwalimu Herieli, ambaye kwa muda wote huo amekuwa kijidudu.

Mgeni mwalikwa asishtuke, maelezo yanakuja. Kabla ya hapo ni vizuri ijulikane kwamba tangu habari za kustaafu zitangazwe, swali katika chumba cha walimu limekuwa moja tu: nani atavunja vibuyu? Mkuu wa chuo, Dkt. Sadallah, alisema wazi kwamba asipopatikana mtu wa kulibeba somo hilo kama linavyobebwa sasa, vibuyu vitawekwa stoo na somo litafundishwa kwa picha za projekta. Mama Irine hakubishana naye. Alisema tu kwamba mtu yupo, akataja jina. Wenzetu walicheka hadi chai ikamwagika mezani, na aliyecheka kuliko wote alikuwa mwenye jina lenyewe, kwa kuwa alidhani ni utani. Haukuwa utani, na tangu siku hiyo mwandishi huyu hajapata usingizi wa maana.

Mama Irine alizaliwa Bashnet, kule juu ambako mtu akinawa uso asubuhi ya mwezi wa saba anaamka mara mbili. Wazazi wake walikuwa wakulima, Wakatoliki wa kuamkia misa, na walitaka binti yao awe mtawa. Yeye alitaka darubini. Alisomea ufundi sanifu wa maabara, akaajiriwa mwaka 1982, na kwa miaka mingi aliangalia damu, makohozi na choo cha watu wa Mbulu na Hanang bila kulalamika. Baadaye alipelekwa kusomea ualimu wa vyuo vya afya. Anasema alikubali kwa sababu alichoka kuangalia vitu visivyouliza maswali. Mkoa wa Manyara ulipozaliwa kutoka Arusha, watumishi wengi waliopangiwa Babati walitafuta sababu za kubaki Arusha. Mama Irine aliomba kuja, kwa kuwa mumewe, Baba Irine, alikuwa na shamba Sigino lenye mahindi, mbaazi, na uzio mrefu uliotambaliwa na mimung'unye, ile mimea inayozaa vibuyu.

Mwandishi naye alikuja mwaka huo huo akitokea Same. Mjuzi mmoja alimwambia Babati ni baridi kama Mbulu, naye akashonesha koti zito lililomfika kwenye visigino. Alifika mwezi wa kumi. Waliokuwapo wakati ule wanakumbuka jua lilivyokuwa na vumbi la stendi lilivyokuwa, na wanamkumbuka mtu mmoja mrefu, mwekundu kwa vumbi, akishuka na koti mkononi huku akitafuta mtu wa kumlaumu. Koti hilo lingebaki kwenye msumari mpaka leo kama Mama Irine asingeliona.

Chuo kilianza katika ghala la zamani la mahindi. Wanachuo wa kwanza walikalia magunia, na umeme ulikuja pale ulipojisikia. Katika mazingira hayo Mama Irine alitakiwa kufundisha jinsi seli nyeupe za damu zinavyomtambua adui. Alichora seli ubaoni, akachora juu yake vitu vidogo vilivyochomoza, akaandika pembeni kwamba hivyo ni vipokezi, na kwamba kile ambacho kipokezi hukishika juu ya kijidudu kinaitwa antijeni. Wanachuo wakanakili kila kitu, pamoja na ufa uliokuwa ubaoni.

Mwandishi, ambaye ameajiriwa kufundisha stadi za mawasiliano na ambaye baiolojia yake ilimwachia alama ambayo hapendi kuitaja, aliona awasaidie. Alisimama akawaeleza kwamba seli ya kinga ni kama mlinzi mwenye tochi: inammulika kijidudu kwa mbali, inamtambua sura, inamkimbiza. Alieleza vizuri sana. Wanachuo walimpigia makofi. Mama Irine alimwacha amalize, akamshukuru, kisha akawaambia wanachuo wafute yote waliyoyasikia, kwa sababu seli haina macho wala tochi. Seli inagusa. Isipogusa haijui kitu, hata adui akiwa amekaa jirani yake anakula ugali.

Kesho yake alikuja na gunia la vibuyu vikavu kutoka kwenye uzio wa Sigino, na hapo ndipo ulipoanza utaratibu ambao chuo chetu kimeufuata kila mwaka tangu wakati ule.

Mama Irine hushika kibuyu kikavu, hukigonga kwenye jiwe la kizingiti, kisha hukimalizia kwa mikono. Kibuyu hupasuka kinavyotaka chenyewe, na ukingo wa kipande kimoja hauwezi kukaa sawasawa isipokuwa kwenye kipande kilichokatikia hapo hapo. Kila mwanachuo hupewa kipande kimoja. Kuanzia dakika hiyo mwanachuo ni seli, na kipande ni kipokezi chake. Hana kingine, na haruhusiwi kukibadilisha na cha rafiki. Hajui kipande chake kinasubiri ugonjwa gani, na hata aliyekipasua hajui. Ndivyo mwili unavyofanya, Mama Irine husema: unavunja vibuyu kwa mamilioni bila kuona, kabla ugonjwa haujabisha hodi, ukitumaini kwamba siku adui akija, katika lundo lote hilo atakuwapo mmoja anayemfaa. Wengi watakufa bila kukutana na mwenzao. Kila mwaka kuna mwanachuo anayewaonea huruma hao, na kila mwaka Mama Irine anamwambia ahifadhi huruma hiyo kwa wagonjwa wa zamu ya usiku.

Hatua ya pili hufanyika kwenye koridoo nyembamba ya pembeni ya stoo, ambayo siku hiyo huitwa Thaimasi, kwa jina la tezi iliyoko kifuani ambako seli nyingi za kinga hupimwa kabla ya kuruhusiwa kutoka. Tangu asubuhi Mama Irine huwa amefunga vipande vingine kwenye vitu vya chuo: mlango wa ofisi, simtanki la maji, kiti cha Mkuu, aproni ya mpishi. Hivyo ni vya nyumbani. Mwanachuo hupita koridoo akijaribisha kipande chake kwenye mifano ya hivyo vya nyumbani iliyotundikwa ukutani humo. Kisipokaa, anapita. Kikikaa sawasawa, ameshindwa, kwa sababu seli inayoshika vya nyumbani itakuja kuuguza nyumba. Mwilini seli hiyo hufa. Chuoni hupelekwa kwenye benchi na kupewa chai.

Ndipo kijidudu anapoingia. Mwaka ule wa kwanza Mama Irine aliangalia walimu wote, akaangalia msumari wenye koti, na uamuzi ukawa umefanyika. Koti lilibandikwa vipande vya vibuyu mbele na nyuma, mwandishi akatumwa aingie kwa lango la upande wa Nangara akinguruma. Mwanachuo mmoja huwa mlinzi. Kazi yake ni kumvamia kijidudu, kung'oa kipande kwenye koti, kukiweka juu ya kiganja kilichofunguliwa na kukitembeza kwa wenzake. Maana ziko seli zinazoweza kumshika kijidudu alivyo, lakini ziko nyingine, zile zinazoitwa T, ambazo hata ukimleta na koti lake zima hazielewi kitu. Mpaka mtu amtafune kwanza, halafu aziwekee kipande kiganjani.

Kwa hiyo mlinzi anapita. Huyu anajaribu, hakikai. Yule anajaribu, hakikai. Kisha kwa mtu mmoja kinakaa, ukingo unaingia kwenye ukingo. Hata hivyo mtu huyo haruhusiwi kufanya lolote bado. Mlinzi ana kengele mkono wa pili, ile ndogo ya shaba. Akiigonga, maana yake ni kwamba kipande kimetoka kwa kitu cha hatari. Kipande kikikaa na kengele ikalia, seli inaita wenzake, wanakuwa wawili, wanne, uwanja mzima, na kijidudu anakimbizwa kuzunguka shamba la mbaazi la chuo mpaka aombe msamaha. Kipande kikikaa na kengele isilie, seli inashusha mkono na kuketi. Na ikishaketi hivyo haiamki tena kwa kipande hicho, hata kengele ikilia baadaye. Kanuni hii ya mwisho wanachuo wengi huisahau kwenye mtihani, na mwandishi aliisahau mwaka mmoja akiwa ndiye aliyetunga swali.

Kwa heshima ya wanachuo wetu lazima isemwe kwamba hata katika joto la mapambano hawakuwahi kupoteza adabu. Kila aliyemkamata mwandishi ukosi alianza na shikamoo. Mwandishi naye, akiwa chini, alijibu marahaba.

Somo la kumbukumbu mwandishi alilipata bila kukusudia. Mwaka wa pili aliingia tena kwa lango lile lile, na vipande vile vile kwenye koti, maana alikuwa mvivu kuvibadilisha. Jesse, ambaye mwaka uliotangulia ndiye kipande chake kilikaa, alikuwa bado anakitunza mfukoni, na alikuwa amesimama langoni. Kijidudu hakuufikia hata mlango wa darasa la kwanza. Mama Irine alilieleza darasa kwamba baada ya ugonjwa kupita, seli chache kati ya zile zilizozaliana hubaki zikilinda, na kwamba chanjo ni njia ya kuzipata hizo bila kuugua kwanza. Alizifananisha na wakulima wa kando ya ziwa letu, ambao kiboko akishawalia mahindi mara moja, mwaka unaofuata wanamsikia angali anatoa pua majini. Mwandishi alikuwa anafunga goti lake kitambaa wakati maelezo haya yanatolewa, na aliyakubali yote.

Sifa za Mama Irine hazikuishia uwanjani kwetu. Wakati wa kampeni za chanjo alikuwa anabeba kikapu cha vipande hadi kijijini Mutuka, akina mama wakikaa na watoto mapajani. Mama mmoja alisema chanjo ni ugonjwa, kwa kuwa mtoto wake alipata homa baada ya kuchomwa. Mama Irine alimkabidhi kipande na kumwacha atafute mwenzake katika kikapu. Yule mama alihangaika, akatokwa jasho, akakipata. Mama Irine akamwambia kwamba joto hilo alilolipata kwa kutafuta ndiyo homa ya mtoto, na sasa kipande wanacho. Mwandishi alikuwapo kama mbeba kikapu, na aliulizwa na akina mama wawili kama yeye ndiye mgonjwa. Leo wahitimu wetu wametawanyika Simanjiro, Kiteto, Hanang na kwingineko. Ukiingia zahanati ukaona kipande cha kibuyu mezani, jua huyo alipita kwa Mama Irine.

Sasa tufike mahali ambapo mwandishi angependa kuruka, lakini chuo kizima kilikuwapo na kinakumbuka.

Kwa miaka kadhaa Mama Irine amekuwa akichelewa vipindi vya asubuhi. Tulijua ana baridi yabisi. Yeye mwenyewe alikuwa akisema ni baridi ya Bashnet imemfuata, na sisi tukacheka naye kisha tukabadilisha ratiba. Hatukujua ni ya aina gani, wala kwamba ilikuwa inamla viungo. Mwaka jana, juma la vibuyu lilipofika, alinyanyua kibuyu akakigonga kizingitini, akajaribu kukimalizia kwa mikono, vidole vikakataa. Akakiweka chini taratibu. Akamwomba mwandishi avunje vilivyobaki, akaenda zake nyumbani mapema, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Mwandishi aliichukulia kazi hiyo kwa moyo wake wote, na hapo ndipo shida ilipoanza. Aliviangalia vile vipande vya miaka yote, vilivyopinda na kumeguka ovyo, akaona Mama Irine kwa muda mrefu amekosa mtu nadhifu. Aliazima msumeno kwa fundi wa chuo. Alikata vibuyu vyote, vya wanachuo na vya nyumbani, kwa mistari iliyonyooka. Akapiga msasa. Vilipendeza. Fundi mwenyewe alivisifu. Mtu mwenye akili angejiuliza kitu kimoja tu, kwamba ukingo ulionyooka unakaa kwenye ukingo wowote ulionyooka, lakini mwandishi alikuwa anatafuta pa kuvipaka vanishi.

Kesho yake Mama Irine alichelewa, kwa hiyo mwandishi alisimamia Thaimasi peke yake. Mwanachuo wa kwanza alijaribisha kipande kwenye mfano wa mlango wa ofisi. Kikakaa. Akapelekwa benchi. Wa pili kikakaa kwenye simtanki. Benchi. Wa tatu, wa nne, benchi likajaa, chai ikaisha, na hakukuwa na seli hata moja iliyobaki kupigana. Mwandishi aliona darasa zima linafeli mikononi mwake. Akafanya kile ambacho sisi walimu hufanya matokeo yanapokuwa mabaya mno: akawaonea huruma, akasawazisha alama, akawapitisha wote.

Kengele ilipolia, waligundua kwamba kila kipande kinakaa kila mahali. Kundi moja lilivamia mlango wa ofisi likaung'oa bawaba ya juu. Lingine liliangukia simtanki. Kiti cha Mkuu kilitolewa nje kwa nguvu, na Dkt. Sadallah alikuwa bado anakikalia. Walioelekea jikoni walimshika mpishi aproni, naye akawapokea kwa mwiko, na makande ya chuo kizima yakaenda chini. Wengine walishikana wenyewe kwa wenyewe, kila mmoja akiamini ndiye mlinzi na mwenzake ndiye ugonjwa. Kijidudu halisi alikuwa amesimama kivulini na koti lake, hakuna hata mmoja aliyemwona. Alijaribu kunguruma, akapuuzwa.

Mama Irine aliingia langoni wakati makande yanamwagika. Tulitegemea akemee. Alisimama akaangalia uwanja mzima, kisha akaomba vipande vitatu kati ya vile vilivyopigwa msasa, akavijaribisha kimoja kwa kingine, akaelewa. Akacheka kwanza, mpaka akajishika ubavu. Halafu akatuita tukae chini hapo hapo kwenye vumbi, Dkt. Sadallah na mpishi wakiwemo, akanyoosha mikono yake mbele yetu. Ndipo tulipoviona vile vidole vizuri kwa mara ya kwanza: viungo vimevimba, vimeelekea upande mmoja. Alisema kwa sauti yake ya darasani kwamba tulichokifanya leo ndicho kinachofanyika humu. Seli zake zilizopaswa kubaki benchini zilipitishwa. Zimeshika viungo vyake zikadhani ni adui, na kengele inalia, na hakuna hata moja iliyokusudia kumsaliti, kila moja inafanya kazi yake kwa bidii. Daktari anampa dawa za kuzituliza, zinatulia kidogo, zinaanza tena. Alisema kinachomchosha si maumivu. Ni kule kuwa mgeni ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Mpishi alilia waziwazi, na mwandishi alijificha nyuma ya ukosi wa koti, ambao kwa mara ya kwanza ulionyesha faida. Mwaka ule hakuna mwanachuo aliyekosa swali la Thaimasi kwenye mtihani.

Kwa hiyo msomaji ataelewa kwa nini, Mama Irine alipomtaja mwandishi kuwa ndiye atakayelibeba somo, chai ilimwagika. Dkt. Sadallah, ambaye kiti chake kina mguu mmoja mpya, alimwomba arudie jina. Alirudia. Akaeleza kwamba hakuna mahali mwanafunzi anaweza kukosea katika somo hili ambapo Herieli hajawahi kupita, tena kwa koti, na kwamba mtu wa namna hiyo hawezi kumpoteza mwanafunzi kwa kudhani jambo ni rahisi. Akampa nafasi moja: somo la mwisho la mwezi wa tano. Likifaulu, vibuyu vinabaki. Likishindikana, projekta.

Mwandishi alivunja vibuyu kwenye jiwe, kama inavyotakiwa. Cha kwanza alijigonga kidole gumba, na kidole hicho bado ni cheusi kwa anayetaka ushahidi. Alisimamia Thaimasi bila huruma. Wapo waliombembeleza wapite, na walikwenda benchini wakinywa chai yao kwa kinyongo. Alikuwa amepanga kila kitu isipokuwa kijidudu, kwa sababu safari hii kengele angeishika yeye, na hakuweza kuwa mlinzi na kijidudu kwa wakati mmoja.

Mama Irine akaomba koti.

Lilimfunika lote, na mikono haikuonekana. Alitaka kumaliza kazi yake mahali ambapo hajawahi kusimama. Aliingia kwa lango la Nangara polepole, asubuhi, saa ambayo magoti yake hayamsikilizi, na kipande kimoja tu kimebandikwa kifuani. Hakunguruma. Wanachuo walikuwa wameshakaza kamba za viatu tayari kwa kukimbia, na tulijua, yeye na sisi, kwamba akikimbizwa hatafika hata kwenye mbaazi.

Mlinzi alikuwa mwandishi. Aling'oa kipande kutoka kifuani pa Mama Irine, akakiweka kiganjani, akakitembeza. Hakikukaa kwa wa kwanza wala kwa wa pili. Kilikaa kwa Domitila, mwanachuo wa mwaka wa kwanza kutoka Dareda, na kilikaa vizuri kuliko nilivyowahi kuona kipande kikikaa. Domitila aliinua mkono. Wote wakaangalia kengele iliyokuwa mkononi mwangu.

Msomaji ataona kwamba hapa nimeacha kujiita mwandishi. Nimeshindwa kuendelea hivyo.

Sikuigonga. Dkt. Sadallah alikuwa ameegemea mlango wake uliotengenezwa, na nilijua anasubiri kuona kama najua somo. Mama Irine alinikazia macho kutoka ndani ya koti, akanyanyua nyusi, vile anavyofanya mwanafunzi mzuri anaposahau jibu analolijua. Domitila alisubiri. Kisha akashusha mkono wake, akaketi chini. Waliokuwa nyuma yake wakaketi. Uwanja mzima ukaketi kumzunguka Mama Irine aliyesimama peke yake juani na koti langu, na hakuna aliyemgusa. Dkt. Sadallah aliondoka mlangoni, akaja akaketi naye vumbini, na projekta haijatajwa tena tangu siku hiyo.

Mama Irine alinisogelea akaninong'oneza kwamba nimesahau kengele. Sikumjibu wakati ule. Kamati imenipa nafasi hii katika ratiba ya sherehe, basi namjibu hapa mbele ya wageni wote, mbele ya Baba Irine na familia.

Mama Irine, katika miaka yote nimesahau mambo mengi, na wewe umeyasahihisha yote bila kunidharau. Asante kwa vibuyu, asante kwa akina mama wa Mutuka, asante kwa kila zahanati yenye kipande mezani. Chuo kizima kinakuombea uzee mtulivu huko Sigino, asubuhi zisizouma, na wajukuu wasiokosa kukupa shikamoo. Lakini kengele sikuisahau. Tulikushika, tukakutambua kuwa ni wa nyumbani, tukaketi.